Fundi Aliyezima Maiki

Kazi ya fundi ilikuwa kukaa nyuma ya kioo, juu kabisa ya ukumbi wa baraza la jiji, na kuhakikisha kila aliyepewa nafasi ya kusema anasikika. Mkataba ulisema hivyo. Haukusema neno lolote kuhusu miwani.

Mwenyekiti wa baraza hakupenda kugombana na watu hadharani. Mtu akizidisha maneno au akigusa pabaya, yeye hakupiga meza wala kupandisha sauti. Alivua miwani tu, taratibu, kama aliyechoka macho, na huko juu fundi akazima maiki. Hakuna aliyemwandikia amri hiyo. Ilianza siku moja na mlevi aliyekuja kumwaga matusi, kila mtu akashukuru, halafu ikawa desturi. Miaka ikapita, ikafika mahali hata fundi mwenyewe haoni tena kwamba anafanya. Miwani ikishuka, kidole kinashuka. Aliweza kufanya hivyo huku anatafuna mkate, na mara nyingi alikuwa anatafuna mkate kwelikweli.

"Fundi wetu," Mwenyekiti alikuwa akimwambia wakipishana kwenye ngazi, huku akimpigapiga begani, "watu wa kwenu wote wangekuwa kama wewe, jiji hili lingelala usingizi." Fundi alitabasamu. Ukiwaacha wasafisha vyoo, yeye ndiye mtu mweusi pekee aliyekuwa na funguo katika jengo lile, na aliamua zamani kwamba tabasamu halimgharimu kitu. Alijidanganya, lakini tusiende mbio.

Askari wa jiji walikuwa wamemuua mpwa wake.

Kijana huyo, mtoto wa pekee wa dada yake, walimkuta karibu na lango la nyuma la baraza, amebeba spika begani. Walimwamuru alale chini. Yeye akataka kwanza kuitua ile spika, maana ilikuwa nzito na haikuwa ya kutupwa, nao wakampiga virungu mpaka akanyamaza. Hospitali ilipokea maiti. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba kijana mweusi amefia mikononi mwa askari baada ya kukutwa na mali ya wizi. Rangi ya askari haikutajwa. Ndivyo yalivyokuwa magazeti ya jiji lile. Weusi walikuwa weusi, na weupe walikuwa askari, madaktari, mashuhuda na wakazi wenye hofu.

Spika ilikuwa na mhuri wa baraza ubavuni, hilo halina ubishi. Lakini haikuibwa. Fundi ndiye aliyempa. Vijana wa mtaa wa chini walikuwa na mkutano wa kupinga soko lao kubomolewa, hawakuwa na chombo cha kusemea, na mpwa akaja kujipendekeza kwa mjomba wake.

"Mjomba, nakurudishia kesho. Hata vumbi halitaishika."

"Vumbi silijali. Ukionekana nayo mimi ndiye nitakayekula jeuri yako."

"Nani aione? Mimi na wewe tu. Haya, na mama."

Mjomba ni mjomba. Akamtolea spika stoo, kwa mlango wa nyuma, akafunga na kufuli. Kijana naye akatimiza ahadi. Siku aliyouawa alikuwa anairudisha.

Fundi aliyajua hayo yote tangu habari ilipomfikia, na hakuyasema popote. Msibani alibeba jeneza, akalia mpaka wanaume wenzake wakamshika mikono, lakini kuhusu spika alikaa kimya. Alijiambia anasubiri wakili. Alijiambia atasema mambo yakipoa. Kwa kweli aliogopa kumwaga unga. Nyumba aliyoishi na mke na watoto ilikuwa ya baraza, na kutoa mali ya baraza kwa watu wanaolipinga baraza si kosa la kuonywa kwa mdomo. Uoga wa namna hiyo unaeleweka. Kuutazama ndiyo kazi.

Kikao cha kwanza baada ya mazishi, ukumbi ulijaa mpaka kwenye korido. Upande mmoja walikaa weupe waliokuja kuwatetea askari wao, upande wa pili weusi waliovaa fulana zenye picha ya marehemu, na katikati njia ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Madiwani weusi walikuwa wawili, na mmoja wao alishajifunza kusinzia macho wazi.

Dada yake fundi akasimama kwenye maiki ya wananchi. Alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, mikono imebabuka kwa dawa, na hajawahi kusema mbele ya watu zaidi ya kuitikia jina lake. Nyuma yake alisimama kiongozi wa waandamanaji, mwalimu wa chekechea ambaye kila mtu alimwita Kamanda, akamshika kiuno asiyumbe.

"Mimi ndiye mama yake," dada alisema. "Sikuja kumtukana mtu. Nina neno moja tu. Ile spika mwanangu hakuiba. Alipewa. Na aliyempa yumo humuhumu ndani ya jengo lenu, ni..."

Miwani ikashuka. Sauti ikakatika.

Hapo ndipo fundi hawezi kuapa hadi leo. Ulikuwa mkono uliojiendea kwa mazoea, au moyo ndio uliotangulia mkono? Anachojua ni kwamba alipotazama, kidole kilikuwa juu ya swichi na taa ya maiki imezimika. Angeweza kuiwasha tena. Swichi ilikuwa palepale, chini ya kidole kilekile. Hakuiwasha.

Masikioni mwake aliendelea kumsikia, maana mitambo ile humpa fundi sauti hata pale watu wote wanapoikosa. Dada aligongagonga maiki kwa ukucha. Kisha akainua uso kuelekea kwenye kioo.

"Kaka, imekufa hii. Niwashie."

Alisema kwa upole, kama anayeomba kupitishiwa chumvi mezani. Halafu askari wa ukumbini wakamfikia, akang'ang'ania meza, bilauri ya maji ikaanguka, na kamera zote zikaamka kwa pamoja.

Jioni fundi alikwenda kwa dada yake. Angefanyaje? Kutokwenda kungesema mengi kuliko kwenda. Sebule ilikuwa imejaa watu wa msiba na watu wa maandamano, na ilikuwa vigumu kuwatofautisha. Televisheni ilikuwa wazi. Dada alionekana pale akifungua na kufunga mdomo bila sauti, macho yamemtoka, akivuta meza, kwa sababu vituo vyote vilichukua sauti kwenye mitambo ya fundi, na alipomzimia ukumbini alikuwa amemzimia nchi nzima. Mtangazaji alieleza kwamba mama wa mtuhumiwa amezua vurugu barazani. Diwani mmoja mweupe alihojiwa akasema alihofia maisha yake. Alikuwa na mwili wa kubebea magunia, diwani huyo.

"Wamenifanya kichaa," dada alisema. Hakulia. Aliomba mtu azime ile televisheni.

Kamanda alimgeukia fundi. "Kaka, ile maiki ilikufa yenyewe au iliuawa?"

Watu wakageuka.

"Waya," alisema. "Waya ulilegea. Mitambo yenyewe ya zamani."

"Ulilegea palepale?"

"Mwacheni kaka yangu," dada alidakia. "Huyu amemlea yule mtoto. Aliyemfundisha kufunga kamba za viatu ni huyu. Mnataka kumweka kikaangoni kwa sababu ya waya?"

Kamanda akanywea. Dada akamshika fundi mkono, akamvuta hadi jikoni, akarudisha mlango. Palikuwa na sufuria za msiba zimepangana mpaka dirishani.

"Kaka, nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini?"

"Nilitaka kukutaja. Mbele ya watu wote, bila hata kukuuliza. Una watoto, una kazi. Yule wangu ameshakwenda, hata wakimwita mwizi hasikii. Nilishikwa na uchungu tu. Nilipofika nje nikasema, afadhali mashine ilikufa, la sivyo ningemwangamiza kaka yangu. Nisamehe."

Kama kuna wakati mtu anapewa nafasi mkononi, imefungwa vizuri, ni ule. Fundi aliufungua mdomo. Aliona kichwa cha dada yake kilivyoinama, mvi ambazo hazikuwepo mwezi uliopita.

"Yameisha, dada," alisema. "Usijali."

Dada akashusha pumzi, akaokota kitambaa, akaanza kupangusa sufuria ambayo ilishapanguswa.

Kwa sababu ya ile bilauri, dada alipigwa marufuku kukanyaga ukumbini. Kikao kilichofuata ndicho kilichokuwa cha kupiga kura. Hoja ilikuwa fupi. Baraza likubali taarifa ya askari kwamba marehemu alikuwa mwizi aliyekaidi amri, na faili lifungwe, au liunde tume ya kuchunguza. Waandamanaji walidai spika zifungwe barabarani ili waliozuiwa nao wasikie, na baraza, likitaka kuonekana la haki, likakubali. Aliyezifunga ni fundi, asubuhi, juu ya ngazi, huku umati unakusanyika chini yake. Dada alikuwepo. Alimshikia ngazi.

"Shika vizuri huko juu," alimwambia. "Sina mwingine."

Fundi alipanda chumbani kwake. Alivaa vifaa vya masikioni. Alisikiliza mkuu wa askari, akasikiliza wakili wa jiji, akasikiliza diwani aliyehofia maisha yake akihofia tena. Kisha Mwenyekiti akaweka mikono mezani.

"Tumeambiwa eti spika ile haikuibwa," alisema. "Tuseme alipewa. Basi aliyempa yuko wapi? Mtu mwema huyo, mbona hajajitokeza? Kijana amezikwa, mama yake analia, naye amekaa tu? Mimi siamini kama kuna binadamu wa namna hiyo. Kwa hiyo naamini spika iliibwa."

Fundi alivua vifaa vya masikioni. Aliacha maiki zote wazi, akashuka ngazi za nyuma, akatokea ukumbini kwa mlango wa watumishi. Hakuna aliyemshangaa. Fundi akipita ukumbini watu hudhani kuna waya umeharibika. Alikwenda moja kwa moja kwenye maiki ya wananchi.

"Binadamu huyo ni mimi," alisema.

Mwenyekiti alivua miwani.

"Spika nilimpa mimi, kwa mkono wangu, kutoka stoo. Ni mpwa wangu. Alikuwa anairudisha kama alivyoniahidi. Hakuwa mwizi."

Mwenyekiti akaivaa miwani, akaivua tena, akaangaza juu kwenye kioo. Chumba kilikuwa kitupu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, alilazimika kupaza sauti mwenyewe. "Zima! Hebu zimeni!"

"Na mama yake alipokuja hapa kuyasema haya," fundi aliendelea, "waya haukulegea. Nilimzima mimi. Mwenyekiti akivua miwani mimi nazima, kazi yangu imekuwa hiyo. Nilimzima dada yangu, nikamwona ananiomba nimwashie, nikamtazama tu."

Walimwondoa taratibu kuliko walivyomwondoa dada yake. Alikuwa mtu wanayemfahamu. Akiwa bado mlangoni alisikia wakihesabu mikono, na sauti ya Mwenyekiti, tulivu kama kawaida, ikisema hoja imepita, faili limefungwa, na suala la mtumishi aliyetoa mali ya baraza bila idhini litashughulikiwa na wahusika. Diwani aliyezoea kusinzia alipiga kura ya hapana safari hii. Haikubadilisha kitu.

Nje, barabara ilikuwa kimya. Fundi alitarajia kelele, mawe pengine, au kubebwa juujuu, na alikuwa tayari kwa lolote. Watu walimpisha tu. Kamanda alikuwa analia waziwazi, ameuma ncha ya fulana yake. Askari walikuwa wamejipanga ng'ambo ya barabara na ngao zao, weupe wote, wakisubiri amri.

Dada alikuwa amesimama chini ya nguzo ya spika, pale pale alipomshikia ngazi asubuhi.

"Wamepitisha," fundi alisema. "Nimejitahidi, dada. Nimesema yote."

"Nimesikia. Tumesikia wote." Alikuwa akimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakipo. "Umemsafisha mwanangu. Ahsante. Hata kama wao hawataki, watu wamesikia."

"Dada..."

"Jikoni kwangu tulikuwa wawili, kaka. Mlango nilirudisha mwenyewe." Sauti yake haikupanda. "Mimi ndiye niliyekuomba msamaha. Nilikuomba msamaha, na wewe ukaupokea."

Ng'ambo ya barabara mtu alipuliza filimbi na ngao zikaanza kusogea. Watu wakaanza kukimbia. Fundi alinyoosha mkono amshike dada yake wakimbie pamoja, lakini yeye alikuwa ameshamshika Kamanda, na wakaondoka hao wawili upande wa mtaa wa chini, bila kugeuka nyuma.