Sweta la Ketill

Mimi, Hallveig alinifumia soksi. Ketill, alimfumia sweta.

Ukitaka kuelewa yaliyotokea kule mlimani, anza hapo, maana na mimi ndipo nilipoanzia. Nilikuwa nimekaa katika bonde lile miaka kumi na mmoja, na kwa mtu wa kuhamahama kama mimi, miaka kumi na mmoja ni ndoa. Nimevua samaki, nimemwaga lami barabarani, nimechinja kondoo kila vuli katika miji ambayo sasa hata majina yake siyakumbuki. Pale nilibaki kwa ajili ya mjane mmoja mwenye kicheko cha kukohoa. Sikumwambia kitu. Nilimtengenezea paa, nikamwondolea theluji mlangoni, nikangoja aelewe mwenyewe. Kila Krismasi alinipa jozi ya soksi.

Kisha Ketill akarudi kutoka mjini kurithi shamba la baba yake. Umri wake hamsini na miwili, meno yote yamo kinywani. Kiangazi kimoja tu kilimtosha. Mwezi wa Septemba, siku ya kwenda kukusanya kondoo, alitokea amevaa sweta la sufu ya kijivu, nakshi nyeusi na nyeupe zimemzunguka mabegani, na mimi mkono ule wa kufuma naujua kama mtu anavyoujua mwandiko.

"Brandur, mzee wangu," akaniambia tukitandika farasi, "umeliona? Baridi siisikii hata chembe."

"Naliona. Limekubana tumboni."

"Hallveig amesema nitapungua."

Wenzetu wakacheka. Mimi nikakaza mkanda wa tandiko mpaka farasi akanigeukia kuniuliza kosa lake.

Kondoo wetu hukaa mlimani kiangazi chote bila mchungaji. Vuli ikifika tunapanda, tunajitandaza kuanzia bonde hili hadi lile, kila mtu na mstari wake, tunawashusha. Kiongozi tunamwita mfalme wa mlima hata akiwa mwanamke, na mfalme wetu alikuwa Oddný, mwenye sauti ya kupasua ukungu. Mimi nilibeba mfuko wa huduma ya kwanza. Niliyajua mambo hayo tangu zamani, kwanza kwenye meli za uvuvi, kisha kwa watu wa kujitolea wa uokoaji. Kila aliyevunjika bondeni kwetu alipitia mikononi mwangu kabla ya kumfikia daktari. Hilo lilikuwa langu. Hata Ketill hakuweza kuninyang'anya.

Siku ya tatu asubuhi mvua ilikuwa nyembamba na ukungu mzito. Ketill alikuwa upande wangu wa kulia. Nikasikia mawe yakiporomoka, kisha farasi akilia, kisha kimya.

Nilimkuta chini ya genge dogo la mawe, penye mabaki ya ua wa zamani, seng'enge na nguzo za chuma zilizopinda. Nikasimama kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa: majeruhi humkimbilii, unatazama kilichomuumiza kisije kikakuumiza na wewe. Mawe yalikuwa yametulia. Farasi alisimama kando akitetemeka. Nikapiga magoti, nikakishika kichwa cha Ketill kisigeuke.

"Ketill! Unanisikia?"

"Nakusikia. Punguza kelele, unawatisha kondoo."

Anayeongea anapumua. Nikahesabu pumzi: ishirini kwa dakika. Damu ya kuruka sikuiona. Oddný akafika, nikampa kichwa akishike. Nikambonyeza shingo mfupa kwa mfupa, haikuuma. Vidole vilicheza. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa umegeukia nje pale kwenye kifundo, kama kiatu kilichovaliwa mguu usio wake.

Nikaja kifuani. Nikafungua koti la mvua, na hapo nikakutana na sweta. Mfukoni nina mkasi unaokata hata mkanda wa ngozi. Mwalimu wetu alikuwa akirudiarudia: kata nguo, uione ngozi, mbele na nyuma, kwapa kwa kwapa. Nikautoa.

"Wewe, mkasi wa nini?" Ketill akasema. "Mguu uko kule chini."

"Nataka kuona kifua."

"Kifua kizima. Ukilikata sweta hili, Hallveig atatukata sote wawili."

"Kweli, Brandur," Oddný akasema. "Sweta jipya la mtu! Si upitishe mkono tu?"

Kwetu sweta la kufumwa kwa mkono halikatwi. Linarithiwa. Nimewahi kumwona mtu aliyetolewa baharini akiwa nusu maiti, na swali lake la kwanza likawa sweta liko wapi.

Lakini si hilo lililonizuia. Kilichonizuia ni furaha. Nilikuwa na mkasi mkononi, na furaha ikanipanda kutoka tumboni. Nilijiona nikilipasua kuanzia pindo mpaka shingoni, nakshi zote zile, jioni zote zile za Hallveig. Kisha nikamwona Oddný ananitazama. Alijua. Bonde zima lilijua. Nikawaza: watasema Brandur amekata kwa kijicho.

Nikaurudisha mkasi mfukoni. Nikajifanya muungwana. Nikapitisha mkono chini ya sweta, nikapapasa mbavu za kulia, nikapapasa za kushoto, akagutuka. "Mbavu zimegongwa," nikatangaza. Mkono ukatoka umelowa. Siku hiyo kila kitu kilikuwa kimelowa. Nikaufuta kwenye nyasi bila kuutazama.

Nikamfungia mguu banzi kwa fimbo yake mwenyewe, tukamlaza juu ya blanketi na kumfunika jingine. Oddný akapiga redio. Helikopta haiwezi kuja kwa ukungu ule, tukaambiwa. Gari la uokoaji linakuja kwa ardhi, saa moja au zaidi kidogo, na Hallveig, mpishi wetu wa safari, anatangulia na gari la chakula kwa sababu yeye ndiye anayeijua njia.

"Hallveig anakuja?" Ketill akauliza. Akatabasamu, mtu mwenye mguu uliogeuka!

Nikalivuta fundo la banzi zaidi ya lilivyohitaji.

Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja na kuandika. Saa nne na dakika kumi, nilipomfikia, pumzi ishirini. Saa nne na nusu, ishirini na nne. Utani ukaanza kumpungua. Dakika kumi baadaye pumzi zilikuwa thelathini na mbili, na midomo imekuwa ya zambarau, kama ya mtoto aliyekula matunda ya porini.

"Brandur," akasema kwa sauti ndogo, "kuna mtu amenikalia kifuani."

"Ni hofu tu," Oddný akamtuliza. "Tulia, bwana."

Nitaliandika na hili pia. Wazo lilinijia, likaingia bila kubisha hodi: bonde bila Ketill. Halikukaa hata pumzi mbili. Lakini liliingia, na mimi ndiye niliyelifungulia.

Nikachukua mkasi, nikalipasua sweta kutoka pindo mpaka shingoni. Furaha haikuwepo tena. Chini ya kwapa la kushoto, kuelekea mgongoni, palikuwa na tundu la kuingia dole gumba. Nguzo ya chuma ilikuwa imemwingia na kuchomoka. Kila akivuta pumzi tundu lilinyonya hewa, kila akiitoa likatoa mapovu mekundu. Damu yote sufu ilikuwa imeinywa, ndiyo maana nje hatukuona tone.

Nikaliziba kwa kiganja. "Oddný, mkate wako umeufunga kwa nini?"

"Kwa nailoni."

"Ilete. Mkate mpe farasi."

Nikaifuta ile nailoni, nikaibandika juu ya tundu kwa plasta pande tatu, upande wa chini nikauacha wazi ili hewa itoke na isiingie. Tukamwinua nusu kukaa, tukamwegemeza upande ulioumia. Nikahesabu. Thelathini. Ishirini na nane. Midomo ikaanza kurudi.

"Umelikata," Ketill akanong'ona.

"Nimelikata."

"Tangu asubuhi ulikuwa unalitamani, mzee." Akataka kucheka, maumivu yakamkataza.

Gari la chakula lilitokea kwanza, la uokoaji likafuata. Hallveig akaruka na aproni yake, nyuma yake daktari msichana na watu wa machela. Daktari akapiga magoti, akatazama kazi yangu, akaitikia kwa kichwa.

"Jeraha la kifua mmeliona saa ngapi?"

"Papo hapo," Ketill akadakia kabla sijafungua kinywa. "Huyu mzee ana macho ya kunguru."

Hebu fikiri. Mtu amelala chini, pafu limetoboka, na bado ana kitu cha kunipa, tena mbele ya Hallveig. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Ketill dakika ile. Na zawadi yake nilikuwa naitaka! Ningenyamaza tu, ingekuwa yangu.

Lakini daktari alikuwa na kalamu mkononi, na alihitaji kujua damu imetoka kwa muda gani.

"Si kweli," nikasema. "Nimemfikia saa nne na dakika kumi. Jeraha nimeliona saa nne na dakika arobaini na tano. Damu ya muda wote huo imo kwenye sweta."

Daktari akakiinua kipande cha sweta, akaupima uzito wake mkononi, na baada ya hapo wakafanya kila kitu haraka mara mbili.

Hallveig akanijia. "Mbona hukukata mapema?"

"Lilikuwa sweta lako."

"Mimi masweta nayakata kila wiki, Brandur! Nayafuma mviringo, nayapasua mbele, natia vifungo. Nani kakwambia naogopa mkasi? Nyinyi wanaume ndio mnaoyaabudu."

"Si hilo tu."

"Nini tena?"

"Nilitaka sana kulikata," nikasema. "Ndiyo maana sikulikata."

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimelitafuta neno la kumwambia, na hilo ndilo lililotoka, mikono yangu ikiwa na damu ya mwenzangu mpaka kwenye viwiko.

"Mjinga wewe," akasema, taratibu, bila hasira. Afadhali angekasirika. Kisha akapanda gari la uokoaji, akakaa karibu na kichwa cha Ketill, mlango ukafungwa.

Oddný hakunipa nafasi ya kusimama. "Kondoo hawatajishusha. Utapita mstari wa Ketill, wako nitampa mwingine."

Nilikuwa nimewaambia watu wote bondeni kwamba Ketill kapewa mstari rahisi kwa sababu ya maneno yake matamu. Haukuwa rahisi. Ulikuwa makorongo na mawe yanayoteleza, na kondoo wajanja wanaojificha kwenye mianya mpaka uwafuate kwa miguu huku farasi umemshika hatamu. Alasiri redio ikasema amefika hospitali, ataishi. Nilifurahi, na furaha yenyewe iliniuma. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilikaa pale pale kwenye matope, nikawasikia kondoo wake wakilia juu yangu ndani ya ukungu, nikainuka nikawafuata.