Queen Alipoachishwa Ziwa

Queen alipoachishwa ziwa, aliyeugua ni mama yake.

Jambo lenyewe lilipangwa kwa nia njema. Evelina alikuwa ameitwa arudi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, alikokuwa akikata samaki kabla ya kujifungua. Mtoto alishatimiza mwaka na nusu, anakula ugali na mchuzi bila kubembelezwa. Mama mkwe, Bi Getruda, akavuka kutoka kisiwa cha Ukerewe, akakaa nao Igogo, Mwanza, siku chache, kisha akasema, "Mtoto haachi ziwa akiwa analiona. Nipe nikakae naye. Utakuja kumchukua ameshasahau."

Nestory, mume wa Evelina, aliona ni busara. Evelina naye aliona hivyo hivyo. Alimfunga mtoto mgongoni kwa bibi yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mwanzoni matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe. Aliyabana kwa kanga, akawa anayakamulia chooni huku analia. Hilo alilitarajia, kila mwanamke alimwambia. Hakuna aliyemwambia yatakayofuata maziwa yakishakata. Joto lilianza kumpanda kutoka kifuani hadi utosini, akalowa jasho ndani ya chumba cha baridi cha kiwandani ambamo wenzake walivaa masweta mawili mawili. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Usingizi ukamhama. Akichana nywele, zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu. Hedhi ilirudi kwa fujo, ikakoma, ikarudi tena bila kubisha hodi.

"Umefiwa?" aliuliza Precious, aliyekata naye samaki meza moja.

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui. Machozi yanatoka tu."

Mikono ilianza kumtetemeka, na siku moja kisu kikateleza kikamchana kiganja. Msimamizi alimwambia akapumzike mpaka atakapoitwa. Hakuitwa. Kazi aliyomwachishia mtoto ikamponyoka, na mtoto yuko ng'ambo ya maji.

Nestory hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, maneno yake machache. Alimpeleka kupima malaria, akampeleka kupima taifodi, akampeleka kupima mimba. Kote hakuna kitu.

"Vipimo vinasema u mzima, Mama Queen," alisema siku moja wakiwa mezani. "Mtu mzima anaumwa nini?"

Evelina aliinua sufuria ya wali akaibamiza ukutani. Hata yeye hakujua kama atafanya hivyo mpaka alipoona wali umetapakaa sakafuni. Nestory alichukua ufagio, akafagia punje zote. Upole ule ulimtisha Evelina kuliko kofi.

Alikwenda hospitali peke yake. Daktari, mwanamke wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho, akampima tezi ya shingo na wingi wa damu. Majibu yalipotoka alimwambia tezi haina tatizo, damu imepungua kidogo.

"Ulipokuwa unanyonyesha, homoni za maziwa zilikuwa juu," alisema. "Umekata ghafla, zimeshuka ghafla, na hizi nyingine hazijakaa sawa. Ingekuwa vizuri ungemwachisha mtoto taratibu, ukipunguza mara za kunyonya. Basi, limeshatokea. Kunywa vidonge hivi vya damu, kula vizuri, tembea asubuhi, pumzika."

"Nitapona lini, daktari?"

"Wengine wiki, wengine miezi. Kila mwili na wake."

Alifanya yote. Alikula maharage na mchicha, alitembea asubuhi hadi Kirumba na kurudi, alilala mchana pazia likiwa limeshushwa. Jasho likapungua kidogo. Huzuni haikupungua. Ilikaa pale pale, nzito, haina jina. Kilichobaki kumpa nguvu ya kuinuka kitandani ni wazo moja: nikimshika mwanangu, hii itaondoka.

Akapanda meli ya Ukerewe.

Bi Getruda alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, Queen amelala mapajani pake, mkono wa mtoto umeingia ndani ya blauzi ya bibi. Alikuwa ananyonya ziwa la bibi yake, kavu, lisilo na tone.

"Shikamoo mama," alisema Evelina.

"Marahaba, mwanangu. Usishangae, anajiliwaza tu." Kisha akamtazama vizuri. "Evelina, nywele zako zimekwenda wapi?"

Mtoto aliachia ziwa akageuka. Evelina alichuchumaa, akanyoosha mikono. "Queen, njoo kwa mama."

Queen akamtazama, akaficha uso kifuani kwa bibi. "Mama," alisema huko ndani ya blauzi, na hakuwa anamwita Evelina.

Evelina alisubiri kifua chake kishtuke, kile kitu kilichokuwa kikimchoma zamani, maziwa yakishuka, kila mtoto alipolia hata wa jirani. Hakikushtuka. Alijisikia kama nyumba iliyohamwa.

"Atakuzoea. Kaa naye kesho na keshokutwa, kisha umchukue," alisema Bi Getruda.

"Hapana, mama. Kaa naye wewe." Sauti ilimtoka ndogo. "Mimi naiogopa mikono yangu. Nilirusha sufuria."

Bi Getruda hakumgombeza. Alimshika mkono tu, na Evelina hakuhisi kitu.

Safari ya kurudi alisimama ukingoni mwa meli, nyuma, mahali pasipo na watu, akiyatazama maji yanavyojikunja na kufunguka. Alisimama pale muda mrefu mno, mpaka mama mmoja mwenye mzigo wa mihogo akamwambia, "Dada, njoo ukae hapa, utalowa." Akaenda akakaa.

Nestory alikuwa anamngoja bandarini Mwanza. Alimtazama mgongoni, akatazama nyuma yake.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha." Akamshika shati. "Nestory, leo nilitaka kuingia majini. Nilitaka kweli."

Nestory akachukua mkoba wa mkewe, akamshika kiwiko, wakaenda hospitali moja kwa moja bila kupita nyumbani.

Walikaa kwenye benchi wakingoja kuitwa. Joto likampanda tena Evelina, jasho likamtiririka shingoni. Nestory hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe alivua kofia, akaanza kumpepea, pole pole, huku akilia bila sauti mbele za watu. Evelina alimwona analia. Alitamani amwonee huruma, akaitafuta huruma hiyo ndani yake, asiipate.