Rais Asiyevaa Koti

Kila mwaka mwezi wa Machi, mji wa Kelso Creek, Ohio, humkumbuka Harrison, rais wa zamani wa Marekani, kwa kurudia lile lile ambalo watu husema ndilo lililomuua. Mwanamume mmoja husimama jukwaani uwanjani kwenye baridi, bila koti wala kofia, akaisoma mpaka mwisho hotuba ndefu ambayo Harrison aliitoa siku ya kuapishwa. Harrison alitawala mwezi mmoja tu, akafa. Basi mji ungemkumbuka kwa lipi jingine?

Mwaka huu tena aliyeigiza rais alikuwa Orval, ambaye juzijuzi tu alikuwa ametoka hospitalini alikolazwa kwa nimonia. Mkewe, Twila, alimbembeleza tangu asubuhi.

"Vaa japo fulana nzito ndani, baba."

"Harrison hakuvaa."

"Na sasa yuko wapi?"

Orval akachana nywele zake kama rais.

Uwanjani upepo ulikata masikio. Wasikilizaji walijifunika mablanketi, wakipiga miayo. Orval alikuwa amefika pale hotuba inapowasimulia Warumi wa kale, na Warumi wa hotuba ile hawaishi. Akakohoa, akainama, akakohoa tena. Watu wakampigia makofi, wakidhani ni maigizo.

Twila alikijua kikohozi kile. Akamwendea mwenyekiti wa sherehe, Bwana Crandall, aliyezama ndani ya koti la manyoya.

"Mteremshe mume wangu."

"Shemeji, unataka kuharibu historia?"

"Historia ilishapata mjane wake. Mimi sitaki kuwa wa pili."

"Avumilie kidogo. Mbona anapendeza!"

Desturi ilikuwa pai za matofaa za sherehe zisikatwe mpaka hotuba iishe. Ndiyo maana watu walikaa. Twila akaingia jikoni mwa kanisa lililokuwa kando ya uwanja, akashika kisu, akazikata zote. Kisha akafungua milango wazi, harufu ya matofaa ikatoka.

"Jamani! Pai za moto, na kahawa ipo!"

Heshima yote kwa marehemu ikaisha hapo hapo. Viti vikaanguka. Bwana Crandall, na koti lake, alikuwa wa pili mlangoni.

Orval alibaki akiwahutubia viti. Alisoma mstari mmoja zaidi, sauti ikamkauka, akashuka akitetemeka. Twila akamvika koti lake mwenyewe, la maua.

"Umeniaibisha, Twila. Warumi hata sijawamaliza."

"Walishakufa hao, hawana haraka. Funga vifungo."

Akafunga, kimoja kimoja, akinung'unika.

"Haya, sogea ndani. Wanakumalizia pai."