Bi Somoe na Majani Yasiyokwisha

Bi Somoe hakuwa na uvumilivu na jani lililoanguka. Kila alfajiri akishaswali, majirani pale Mbagala walimsikia na ufagio wake wa chelewa, shwaa, shwaa, mpaka uwanja ubaki mweupe kama sahani.

Mjukuu wake Munira alikuwa binti mzima, ila haya zake zingetosha mtaa mzima. Masika yalipochota mchanga wa mbele mpaka msingi wa nyumba ukaanza kuchungulia, alikwenda Kimbiji kwa wajomba zake, akarudi na furushi la vipando vya kichaka cha kule pwani. Ni kichaka kifupi, majani mazito yanayong'aa mwaka mzima, matawi yanajilaza chini na kutoa mizizi kila yanapogusa udongo.

"Wenzio wanafyeka pori wapate kujenga," bibi alimwambia. "Wewe umeshajengewa, unapanda pori!"

"Litakuwa zulia, bibi."

"Haya. Vuli ikinichukulia mchanga tena, nang'oa yote."

Kiangazi kikaingia, udongo ukaungua, vipando vikaanza kunyauka. Munira aliona kimoja tu kinanawiri, kile kilichoangukiwa na majani makavu. Basi jioni akaruka kwa jirani, Mzee Mfaume fundi cherehani, akazoa majani chini ya mti wake wa mkungu, akayatandaza kwenye vipando vyote. Alfajiri bibi akayafagia. Jioni Munira akayarudisha. Ikawa ndiyo kazi yao. Kila alipotaka kumwambia bibi, aliona haya, akashika ndoo akaenda zake.

"Mfaume!" bibi alipaza sauti juu ya ukuta. "Mti wako hauna adabu!"

"Sasa Bi Somoe, mti una miguu? Mbona kwangu siku hizi sioni hata jani?"

"Ndo nakwambia, yote yako kwangu!"

"Basi umekupenda."

Utani ukageuka ugomvi. Wiki nzima hawakusalimiana. Mwishowe Mzee Mfaume, asiyependa makuu, akaegemeza ngazi kwenye mkungu uliompa kivuli cha kushonea miaka yote, akapanda na panga.

Munira alikuwa jikoni aliposikia panga linagonga. Akatoka mbio, kanga inaburuzika.

"Babu, shikamoo, usikate!"

"Marahaba. Mwambie bibi yako huyo."

"Ni mie."

"Wewe nini?" bibi akauliza.

"Majani. Naleta mie. Kila jioni."

Bi Somoe akashika kiuno. "Mie mgongo unanikatika kila alfajiri, kumbe jini lenyewe nalipikia uji!"

Machozi yalimlenga Munira, lakini maneno yalikuwa yameshapata njia. Akamshika bibi mkono, akamchutamisha. Akafunua majani machache yaliyoponea ukutani: chini udongo ulikuwa na unyevu, na tawi limeshatoa mizizi myeupe, myembamba kama nyuzi. Kisha akamwonyesha palipofagiwa. Pakavu, kipando kimekufa.

Bibi akachomeka kidole huku, akachomeka na kule.

"Sasa si ungesema, mwanangu?"

"Ulikuwa umeshika ufagio."

Mzee Mfaume alicheka mpaka ikambidi akumbatie tawi asianguke. Bi Somoe alijikaza, akashindwa, naye akacheka.

"Hapa pako," akasema alipotulia. "Mie nitafagia uani. Lakini uani padogo, sijui mikono yangu nitaipeleka wapi."

Aliipeleka kwa jirani. Alfajiri ufagio ulisikika ng'ambo ya ukuta, na Bi Somoe akarudi na beseni la majani kichwani, akayamwaga kwenye vipando kwa mkono wake.

Vuli iliponyesha, alisimama mlangoni akiyatazama maji yanavyotoka uwanjani. Hayakubeba mchanga. Yalipita taratibu kati ya majani mabichi, yakaenda zake barabarani.

"Mfaume!" akaita. "Huo mti umelala? Leo haujaniletea kitu!"