Bibi Aliyekosa Dirisha

Jana usiku niliota nimeitwa kazini na faili nililoliandika mwenyewe.

Naitwa Ombeni, fundi wa kompyuta katika kliniki ya macho. Faili hilo ni programu: huchukua taarifa za wagonjwa jinsi zilivyoingizwa, likazipitisha kwenye masharti, kisha likatoa orodha safi ya upasuaji, kila mgonjwa na dirisha atakaloitwa. Chini ya miaka kumi na minane, dirisha la kwanza. Chini ya sitini, la pili. Sitini na kuendelea, la tatu. Miaka minne halijakosea hata mara moja, na hata ndotoni nilikuwa na uhakika nalo.

Faili limevaa suti ya kaki. "Fundi," linasema, "kuna mtu amebaki."

Ukumbini kuna madirisha matatu, kila moja lina mdomo na macho. Mtoto anasimama mbele ya la kwanza. "Chini ya kumi na minane?" linauliza. Mtoto anasema kumi na mbili. Linamvuta ndani kwa kola ya shati, na yale mengine mawili yanafumba macho papo hapo.

"Mbona mnalala?" nikauliza.

"Mwenzetu keshakubali," la tatu likajibu bila kufumbua. "Akikubali mmoja, wengine hatuulizwi. Ulituandika hivyo."

Ni kweli, niliwaandika hivyo. Nikajisikia fundi hasa.

Kwenye benchi amebaki bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani. Jicho lake la kushoto lina ukungu mweupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi Siwatu binti Ngoda. Nimepita madirisha yote, hakuna lililoniambia kitu."

Nikayageukia. "Mmemkataa kwa nini?"

"Hatujamkataa," likasema la pili. "Kwake pale pa umri ni patupu. Patupu si chini ya sitini, wala si sitini. Sharti lisipotimia, sisi tunanyamaza."

"Sasa yeye aende wapi?"

"Hilo hukuliandika."

Ndipo nikaona kwamba bibi hana miguu. Ukumbi umeshakuwa tumbo la printa, karatasi inatembea chini yetu, na yeye anafutika kuanzia chini. Magoti yamekwenda. Hapigi kelele.

"Nilitaka tu kuuona uso wa kitukuu changu," anasema. "Wananiambia ana vishimo mashavuni."

Nikaona aibu. Miaka minne najisifu kwamba halikosei, kumbe lilikuwa linanyamaza. Ni wangapi waliokaa kwenye benchi hili?

Lakini kazi yangu naijua. Nikachovya kidole kwenye wino, nikapiga magoti, nikaandika juu ya karatasi inayokimbia: VINGINEVYO.

Dirisha la nne likafunguka ukutani, dogo kama la banda la kuku.

"Vinginevyo nini?" likauliza. "Nimalizie, fundi. Kiuno kinaondoka."

Nikaandika: aulizwe mwenyewe.

Goti moja likarudi, kisha la pili. Bibi akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaenda dirishani kwa miguu yake.

Nikaamka. Jua limeshatoka na simu inaita. Ni Sista Anyesi wa mapokezi.

"Ombeni, umebadilisha orodha?"

"Sijaligusa faili tangu wiki iliyopita."

"Basi mbona mwisho kuna jina la Siwatu binti Ngoda, na pale pa umri pameandikwa 'aulizwe mwenyewe'? Bibi mwenyewe huyu hapa mbele yangu. Anasema amekuja mara tatu na hajawahi kuitwa."

Nikakaa kitako kitandani.

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza. Mwaka haujui. Anasema alipozaliwa, mke mkubwa wa baba yake ndio kwanza anapata wajukuu, na nzige walikuwa wamemaliza mtama wote; na leo yeye mwenyewe ana kitukuu."

"Huyo ni dirisha la tatu, Sista," nikasema, huku natafuta suruali. "Mwambie asiondoke. Nakuja sasa hivi."