Mibofyo Mitatu Ukutani

"Nipe mibofyo mitatu tu," alisema Kitione huku akialisha vidole, "nitamfikisha yeyote kwenye somo lake. Chumbani kwangu hapotei mtu."

Alikuwa na miezi miwili tu tangu atumwe kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, kuja kituo cha chuo kikuu hapa kisiwani, Pangai, kazi yake kuwaelekeza wanafunzi kwenye kurasa za kozi, na tayari alitembea kama aliyeuvumbua mtandao mwenyewe. Mama Ilaisaane, mfuma mikeka wa miaka sitini na mbili anayesomea uhasibu, alikuwa amekaa kando ya mlango, hakuinua macho.

"Jana ulinifikisha kwenye matangazo ya viatu, mwanangu."

"Si vilikuwa vizuri lakini, mama?"

Mwenye shida asubuhi hiyo alikuwa Seini wa uuguzi. Mtihani wake ulikuwa unafungwa saa sita kamili, ilishagonga saa tano na dakika kumi, na hakuuona popote. Akiukosa, anarudia mwaka mzima. Aliuliza kwa sauti ya chini; Kitione akajibu kwa sauti ya mnadani.

"Wote tazameni ukutani, mjifunze."

Akawasha projekta, akafungua kivinjari.

Kona ya mbali alikaa Vaea wa kilimo, mcheza raga mwenye shingo ya fahali, amempa Seini mgongo. Kitione alidhani wamegombana. Baba mbalimbali, vijiji mbalimbali. Nani angemwambia kwamba bibi zao walitoka tumbo moja, na kwamba kwa hesabu yetu hao ni kaka na dada kamili, ambao mila inawakataza kukaa pamoja panapoonyeshwa hata sinema ya mapenzi?

Akabofya kozi. Akabofya wiki ya tisa. Mara ya tatu akabofya bila kusoma, na ukuta mzima ukajaa mapaja ya mwanamke anayejifungua, mayowe yake yakitikisa vioo.

Seini akajifunika uso. Vaea akasimama.

"Zima."

"Subiri kaka, kipanya kimeganda. Si elimu tu hii? Hata wewe ulipitia hapohapo."

Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Ya pili ilimlaza juu ya meza. Vaea akamnyanyua kwa kola, akachukua kibodi, akampiga nayo usoni hadi herufi zikatawanyika sakafuni pamoja na jino. Hakutukana. Alipiga kama mtu mwenye rundo la nazi za kupasua kabla ya mvua. Kisha aling'oa waya wa projekta, akamwachia Kitione aanguke, akaenda mlangoni bila kumtazama dada yake.

Yangeishia hapo. Lakini Kitione, damu ikimtoka puani, aliona darasa zima linamtazama. Akautoa ukutani mtungi wa kuzimia moto, akamfuata. Pigo la kwanza lilitua kisogoni mwa Vaea; akapiga magoti, shati likalowa damu. La pili likamkosa, likakisaga kisanduku cha intaneti kando ya mlango. Taa zake za kijani zikafa. Kompyuta zote zikaandika kwamba hakuna mtandao.

Vaea alibebwa hospitali hajitambui. Saa sita ikapita. Mwalimu Latai, mkuu wa kituo, alisimama katikati ya vipande vilivyovunjika na damu.

"Nataka kujua kitu kimoja. Nani kavunja kisanduku? Akiwa Vaea, ndugu yake Seini, makao makuu hawafungui mtihani tena, watasema familia imejiharibia. Tukiwa sisi wa kituo, nawapigia simu sasa hivi waufungue."

Kitione alimwona Seini ameikaza mikono mapajani. Akajiona pia mwenyewe akipanda meli kurudi Nuku'alofa bila kazi.

"Vaea," alisema kupitia pengo jipya la meno. "Alinirukia bure tu. Mimi nilijikinga na mtungi, yeye akakipiga kisanduku."

Seini alianza kukusanya vitabu vyake. Kueleza kungemlazimu kutaja kilichoonekana ukutani huku kaka yake akiwa chumbani, na hilo asingelisema hata kwa mwaka mzima wa masomo.

"Mwanangu," alisema Mama Ilaisaane, akikung'uta vipande vya plastiki kwenye sketi yake, "mimi ndiye niliyekaa hapa mlangoni. Vaea alishakupa mgongo, mkono uko kwenye kitasa. Mtungi ulikuwa mikononi mwako, mara zote mbili. Pigo la pili lilipita hapa, juu ya kichwa changu."

Mwalimu Latai alikuwa ameshainua simu, anabonyeza namba ya makao makuu, na macho yake hayakumwacha Kitione.