Imebaki Vifungo Tu

Fundi alikuwa na njia mbili za kwenda kazini, na kwa miaka mingi alitumia ile mbaya. Njia nzuri ilipita barabara kuu, yenye lami na vibaraza vya maduka vyenye kivuli. Mbaya ilipita nyuma, kati ya ukuta wa ghala na mtaro wa maji machafu, ambako paka walimtazama kama mtu aliyefukuzwa kwao. Lakini paka hawakuwa wamempa kitambaa. Kwenye barabara kuu kulikuwa na mwalimu aliyedai gauni lake, muuza dawa aliyedai suruali, na mama mmoja mnene wa sauti aliyedai mapazia. Basi kila asubuhi Fundi alikunja sketi, akaruka mtaro, akaingia dukani mwake kwa mlango wa uani kama mwizi.

Si kwamba hakujua kushona. Mkono wake ulisifiwa hata na wasiompenda. Gauni lake lilimkaa mtu kana kwamba amezaliwa nalo. Ugonjwa wake ulikuwa ulimi. Mteja akiuliza, "Lini?", ulimi ulitoka mbio kabla akili haijavaa viatu: "Njoo kesho, imebaki vifungo tu." Alisema hivyo hata kitambaa kikiwa bado kimekunjwa ndani ya mfuko kilimoletwa. Wala hakuuona kuwa ni uongo. Kwake ilikuwa kama salamu ya ufundi: aliipokea kwa fundi aliyemfundisha, naye aliipokea kwa wake. Mtaani wakampa jina, Mama Kesho, nalo likamganda kama gundi.

Jina likafukuza wateja. Ndani ya duka, vyerehani viwili kati ya vitatu vilikuwa vimefunikwa shuka, kwa kuwa washonaji waliovikalia walikosa kazi wakaondoka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la nguo zilizoshonwa tayari, na mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, alikuwa ameshamwonyesha Fundi kona nyuma ya mlango wake.

"Mama, lete cherehani chako hapa," alimwambia, akipiga ukuta kwa kiganja kama anayeuza ng'ombe. "Utanikatia pindo za suruali. Mlango wako unaung'ang'ania wa nini?"

Fundi alimchekea kwa meno tu. Moyoni neno lile lilimwingia kama sindano chini ya ukucha. Kukata pindo za nguo zilizoshonwa na wengine, kwenye kona ya mwingine, yeye!

Ndipo alipoingia msimamizi wa hoteli, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Aliweka juu ya meza jora la kitambaa cha buluu, akapitisha kidole kwenye mshono wa blauzi iliyotundikwa ukutani, ndani na nje.

"Nataka sare za watu wangu wa mapokezi," alisema. "Zikija vizuri, na zikija siku yake, sare za hoteli nzima ni zako, mwaka hadi mwaka. Zisipokuja, navuka barabara. Lini?"

Fundi alihisi neno lake likipanda kooni. Akalimeza. "Ijumaa ya wiki ijayo."

"Asubuhi," alisema msimamizi, akaondoka.

Fundi alibaki ameshika mkasi. Hapo palikuwa na mkate wa washonaji wake wote. Hapo palikuwa na mlango wake. Akatandaza kitambaa cha buluu, akachukua chaki, na kabla hajachora mstari, simu ikalia. Akaiacha. Ikalia tena. Akaipokea, akasema vifungo, akairudisha, ikalia. Hadi jua linazama, kitambaa kilikuwa na mstari mmoja wa chaki, nao umepinda.

"Wifi, hiyo simu yako inalia kama mtoto aliyesahaulika sokoni," alisema dada wa mumewe, aliyekuwa na saluni mlango wa pili, akiingia na kitana bado kimechomekwa nyweleni. "Ipokee au uizike."

"Nikipokea zote, nitashona saa ngapi?"

"Mimi yangu umewahi kuisikia? Najibiwa." Wifi akamwonyesha simu yake. Ilikuwa programu ya akili mnemba, aina ya msaidizi ambaye alijibu ujumbe wa wateja wake, akawapangia saa ya kusukwa na kuwakumbusha waliosahau. "Hali, halali, hasengenyi. Afadhali yake kuliko wifi niliyeletewa na kaka yangu."

"Kaka yako ndiye aliyeletewa bahati," Fundi alimjibu. "Haya, niwekee na mimi huyo mfanyakazi asiyekula."

Wakamweka. Msaidizi aliuliza duka linashona nini na linafunguliwa lini, kisha akaomba aonyeshwe mazungumzo ya zamani na wateja, ili ajifunze kuzungumza kama mwenye duka.

"Mpe yote," alisema Fundi bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Nataka azungumze kama mimi hasa."

Wifi akampa yote.

Siku zilizofuata zilikuwa asali. Simu ilinyamaza. Ujumbe uliingia na majibu yakatoka, na Fundi hakujua hata nani ameuliza nini. Vipande vya buluu vilianza kurundikana mezani, migongo huku, vifua kule, naye aliimba kwa sauti yake mbovu hadi Wifi akagonga ukuta kumwomba awahurumie wateja wa saluni.

Jumanne asubuhi, akiwa uani anatafuta ufunguo, alisikia kelele upande wa mbele kama za mnada. Akapita ndani, akafungua mlango wa barabarani. Macho yakamtoka pima. Kibaraza kilikuwa kimejaa watu hadi ngazini.

"Tumekuja kuchukua," alisema muuza dawa.

"Kuchukua nini?"

"Nguo! Si umetuandikia sisi wote jana? Njoo kesho, imebaki vifungo tu." Akainua simu yake juu kama bendera. Kibaraza kizima kikainua simu zao.

"Na mimi pia!" alifoka mama wa mapazia, akipenya mbele kwa bega. "Ati imebaki vifungo tu. Fundi, mwanangu, mapazia tangu lini yana vifungo? Yanafungwa kama shati, yanakwenda kazini?"

Watu wakacheka, kicheko cha wenye hasira. Ng'ambo, Tajiri alikuwa ametoa kiti nje ili aone vizuri. Na pembeni kabisa, peke yake, alisimama msimamizi wa hoteli. Yeye hakucheka. Alisogea hadi mezani, akaangalia vipande vyake vya buluu ambavyo havijaona uzi.

"Niliuliza tu kazi imefika wapi," alisema. "Nikajibiwa vifungo. Mimi nilikupa Ijumaa, mama, wala sikuomba kesho. Kwa nini nidanganywe bure?"

Fundi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, ulimi haukutoka.

"Nitakuja Ijumaa kama tulivyosema," msimamizi aliendelea. "Nikikuta sare zenye vifungo, naondoka nazo; nikikuta maneno, navuka barabara."

Kibaraza kilipokwisha kutawanyika, kila mtu na tusi lake, Fundi alimrukia Wifi saluni. "Mtoe! Mtoe huyo shetani wako kwenye simu yangu!"

Wifi alikuwa amejiegemeza kwenye sinki, anacheka machozi yanamtoka. "Shetani wangu? Ulisema azungumze kama wewe hasa. Amekosea wapi? Hata mapazia amekushonea vifungo!" Akajifuta, akamwona mwenzake hacheki, kicheko kikamwisha. "Njoo, wifi yangu. Kaa. Huyu hana roho mbaya. Alifuata ulichomfundisha, basi mfundishe upya."

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo kikubwa, simu mkononi. Akamwambia msaidizi asahau maneno yote ya zamani. Asimwambie mteja yeyote jambo ambalo hajaambiwa na Fundi mwenyewe. Kisha akarudi dukani, akasimama mbele ya rafu, akaanza kumsomea kazi moja moja kwa sauti.

"Gauni la mwalimu. Limekatwa, halijashonwa." Hilo lilitoka. "Suruali ya muuza dawa. Mguu mmoja." Akapumua. "Mapazia. Hayajaguswa." Neno hilo lilimtoka kama mfupa wa samaki, lakini lilipotoka, koo likawa pana.

Msaidizi alipanga kila kazi, akamwonyesha: kwa mikono yake miwili, Ijumaa haitoshi. Halafu akauliza swali ambalo Fundi hakuwahi kumuuliza mteja hata mmoja. Je, awaulize siku wanayoihitaji nguo kweli, badala ya siku wanayotaka kuja kuichukua?

"Wataniambia leo hii hii," Fundi alinung'unika. "Lakini uliza."

Majibu yakaanza kuingia. Mwalimu: Jumamosi, kuna sherehe shuleni. Muuza dawa: mwisho wa mwezi, ana safari. Mama wa mapazia alituma ujumbe wa sauti uliosikika hadi saluni: "Mwanangu, nyumba yenyewe bado haijawekwa madirisha! Nilisema kesho ili niyapate mwezi ujao. Si ndivyo mnavyokwenda ninyi?"

Fundi akaketi juu ya kibao cha kukatia. Miaka yote hiyo yeye aliwadanganya siku, nao wakamdanganya siku, kila upande ukijihami, na katikati alikuwa yeye anaruka mitaro! Akaanza kucheka peke yake, kicheko kikamzidi, Wifi akagonga ukuta.

Mpango mpya ukakaa sawa, isipokuwa kwa jambo moja: mikono ya sare. Msaidizi alionyesha wazi kwamba bila mshonaji wa pili, mikono itakwisha Jumamosi. Zamani Fundi angenyamaza na kuomba mvua inyeshe. Sasa akampigia simu mshonaji wake wa zamani, yule aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake na kwa maneno yake.

"Unaniita nije kesho?" Sindano aliuliza.

"Leo. Na kesho. Na kama Mungu akipenda, usiondoke tena."

"Duh! Mama Kesho amesema leo. Nakuja nione kwa macho yangu."

Shuka likatoka juu ya cherehani cha pili. Vyerehani vikaitikiana kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Kila kipande kilipokwisha, Fundi alikitaja kwa sauti bila kuacha kukanyaga, "Kola zimekwisha, nakwenda mikononi," na msaidizi akaandika, akawajulisha wenyewe. Muuza dawa alipopokea ujumbe kwamba suruali yake ina mguu mmoja na itakamilika wiki ijayo, alipiga simu mbio.

"Mama, simu yako imeibiwa? Kuna mtu anaitumia kusema ukweli."

"Ni mimi, kaka."

"Basi sawa. Wiki ijayo ni sawa kabisa. Ila umenitisha."

Alhamisi, Fundi alifunga duka jua bado lingali juu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipofanya hivyo.

Ijumaa msimamizi wa hoteli aliingia kwa mlango wa mbele. Sare zote zilikuwa zimetundikwa, zimepigwa pasi, buluu juu ya buluu kama bahari iliyotulia. Aligeuza mshono, akavuta mkono, akahesabu vifungo kwa kidole gumba. Fundi na Sindano walisimama bega kwa bega, wakikifuata kidole hicho kwa macho. Ng'ambo, kiti cha Tajiri kilikuwa nje.

"Juzi nilituma swali tena," alisema msimamizi. "Nilijibiwa hivi: kola zimekwisha, mikono bado, Ijumaa haijabadilika. Na siku hiyo hiyo nilivuka barabara nikamuuliza jirani yako angeweza kunipatia sare za hoteli nzima lini." Uso wake mgumu ukapasuka kidogo, na kumbe lilikuwa tabasamu. "Akaniambia kesho."

Sindano alipiga kigelegele ambacho hakikumwomba mtu ruhusa. Wifi akatokea mbio na mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama moto, nao wakakipokea. Msimamizi akatoa vipimo vya hoteli nzima, wapishi, walinzi na wasafishaji, na safari hii Fundi hakujibu haraka. Alimsomea msaidizi wake, akasubiri, akatazama, akapanga upya, ndipo akataja siku. Msimamizi akampa mkono.

Cherehani cha tatu kilifunuliwa wiki hiyo hiyo, na mshonaji wake akarudi na mto wake wa kukalia. Hata Tajiri alikuja, kichwa upande, na suruali yake mwenyewe mkononi.

"Pindo tu, mama. Nitaipata leo?"

Fundi akatazama simu. "Jumanne."

"Lakini mimi ni jirani!"

"Ndiyo maana nakwambia kweli, jirani. Na kona yako ile, weka maua."

Asubuhi iliyofuata, Fundi alifika njia panda, ghala upande mmoja na barabara kuu upande mwingine. Miguu ikamvuta kwenye mtaro kwa mazoea. Akaikemea. Akanyoosha sketi yake, akapanda lami, akapita katikati ya barabara, kichwa juu, kibaraza baada ya kibaraza, akisalimiwa na kusalimia.

"Mama Kesho!" aliita mwalimu kutoka ng'ambo, akiwa ndani ya lile gauni lake, akijigeuza ili wote walione. "Nina kitambaa kingine! Lini?"

"Si kesho!" Fundi alijibu kwa sauti yake yote, na barabara nzima ikaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. Paka wa nyuma ya ghala walibaki na mtaro wao.